Kamanda, nunua tochi kwanza!

Haya jamani, nimerudi. Najua wapo walioanza kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa, bado nachapa mguu kama kawaida. Nilikuwa wilaya ya Kilosa kwa kazi ya gazeti, na siku nyingi nimelala Dumila kwa mjomba wangu. Dumila mnaijua hata kama mnadhani hamuijui. Ni pale kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, basi likisimama madirisha yote yanajaa nyanya, vitunguu na mikono ya kina mama. Kushoto, kama unatoka Dar, njia inakata kwenda Kilosa. Wengi wetu tunanunua nyanya, tunafunga dirisha, tunaendelea na usingizi mpaka Dodoma.

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe. Na hasira yenyewe imeletwa na kidude kidogo kuliko kiberiti.

Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani. Tulikaa chumba kimoja, tukala maharage ya mkopo mmoja, tukafukuziwa ada pamoja. Siku hizi ni askari wa wanyamapori. Wapi, sisemi. Jina, sisemi pia. Tangu chuoni tunamwita Kamanda kwa sababu ya mapenzi yake ya sinema za vita, na sasa maskini amekuwa kamanda kweli. Alikuwa likizo, akashuka Dumila kunisalimia. Akamwamkia mjomba vizuri, akaitikiwa, akaletewa maji ya kunawa. Hata mikono haijakauka akanisogezea simu.

"Mwandishi, wewe ndiye unayejifanya unajua kila kitu. Kati ya hizi, ipi?"

Kwenye kioo kulikuwa na picha za vidude vinne na bei zake kwa dola. Redidoti. Kile kilengeo cha nukta nyekundu kinachofungwa juu ya bunduki. Kuna tetesi kazini kwao, tetesi tu, kwamba huenda siku moja wakapewa bunduki fupi, zenye mtutu wa kama inchi 11, nyepesi kubeba kwenye gari na vichakani. Kamanda ameanza kudunduliza posho zake ili siku hiyo ikifika awe na kilengeo chake mwenyewe. Anataka chepesi kabisa. Alishalala na swali hilo wiki nzima.

Kosa lake, usiku ule akalitupa swali kwenye kundi letu la WhatsApp la wahitimu wa mwaka wetu. Mama yangu! Kundi ambalo ukitangaza msiba watu saba ndio wanasema pole, usiku ule liliamka lote. Mhasibu wa benki akaingia. Wakili akaingia. Dada mmoja aliyeko Muscat, ambaye hatujamsikia tangu harusi yake, naye akaingia na maoni yake kuhusu betri. Mmoja akaturushia ile picha ya yule jamaa aliyefunika uso Nairobi, kwenye shambulio la hoteli ya Dusit la Januari 15, 2019, ambaye iliripotiwa kuwa ni askari wa kikosi maalumu cha Uingereza. Mnaikumbuka. Watu 21 waliuawa pale, na dunia nzima ya vijana wa kiume ikakaa kuhesabu vidude vilivyofungwa kwenye bunduki ya mtu mmoja. Saa nane za usiku wenzangu walikuwa wanabishana gramu. Gramu! Watu ambao hawajawahi kushika hata manati.

Nikauliza kwenye kundi: nani anajua Mabwegere ni wapi? Kimya. Baadaye mmoja akauliza kama ni ramani mpya ya PUBG.

Sasa nisikilizeni. Simdharau Kamanda, na kile kidude si upuuzi. Kwa wasiojua: bunduki ya kawaida ina vilengeo vya chuma, kijiti mbele karibu na mdomo wa mtutu na mfuo nyuma karibu na jicho. Mlengaji anapaswa kupanga mfuo, kijiti na shabaha kwenye mstari mmoja, na jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vilivyo umbali tofauti vyote vikiwa safi kwa wakati mmoja. Kwenye bunduki ya mtutu mfupi shida inaongezeka, maana kijiti na mfuo vimekaribiana, na kosa la unywele hapa linakuwa kosa la mkono mzima kule mbele. Redidoti inafuta kazi hiyo. Ndani yake kuna kitaa kidogo kinachorusha mwanga mwekundu kwenye kioo chenye utando maalumu, kioo kinaurudisha jichoni mwako, nawe unaiona nukta kama imekaa kule mbali juu ya kitu unachokilenga. Haitoki nje kama leza ya kwenye sinema, unayemlenga haioni. Haikuzi kitu. Unaacha macho yote mawili wazi, unaweka nukta, basi.

Wasweden wa Aimpoint ndio walioanza kuuza ya umeme mwaka 1975, wateja wao wakiwa wawindaji. Mwaka 1997 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likatoa mkataba wake wa kwanza mkubwa kwa kampuni hiyo, na baada ya hapo kila jeshi lenye hela likafuata. Zile za kwanza za jeshi zilikuwa na uzito wa kama gramu 200. Leo Aimpoint Micro T-2 ni gramu 84 bila kiti chake cha kufungia, na Trijicon RMR ni kama gramu 34. Betri moja bapa ya mfano wa sarafu inaweza kuiwasha ile Micro kwa saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano bila kuizima. Ni kifaa kizuri. Mwenye macho yenye kasoro fulani ataona nukta imechanua kama nyota au imekuwa mkia wa mkizi, lakini wengi wanaiona vizuri.

Basi ugomvi wangu uko wapi? Uko hapa. Kile kidude kinakuambia risasi itakwenda wapi. Hakikuambii pale inapokwenda amesimama nani. Na sisi, katika nchi hii na kwa majirani zetu, tumezika watu wengi zaidi kwa kukosa jibu la swali la pili kuliko la kwanza.

Ngoja niwape hadithi moja ya kweli, ya mbali kidogo, maana ndiyo asili ya kitu chenyewe. Usiku wa kuamkia Novemba 21, 1970, makomando wa Marekani walishuka na helikopta kwenye kambi ya wafungwa ya Son Tay, Vietnam ya Kaskazini, magharibi mwa Hanoi, kuwakomboa marubani wao. Katika mazoezi waligundua kuwa gizani risasi nyingi zinakosa. Wakubwa wakahangaika, mwishowe wakanunua dukani, kwa chini ya dola 50 kila kimoja, vilengeo vya raia vilivyoitwa Singlepoint, mababu wa redidoti za leo, wakavifunga kwenye bunduki zao fupi za CAR-15. Shabaha zikanyooka. Usiku wa kazi, wale watu 56 walipiga vizuri mno, hawakupoteza mtu hata mmoja. Tatizo lilikuwa moja tu. Kambi ilikuwa tupu. Wafungwa walishahamishwa tangu Julai. Nukta ilikuwa sawasawa, wao hawakuwa na habari.

Turudi nyumbani, au tuseme kwa jirani. Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013. Watu 67 waliuawa katika shambulio la magaidi. Polisi wa kikosi cha Recce waliingia, wakawa wanasonga vizuri, halafu jeshi likaingia kwa mlango wake na amri zake. Kamanda wa Recce akafa kwa risasi za wenzake. Niambieni ni kilengeo gani kingemwokoa yule bwana. Aliyempiga alimwona, akalenga, akapata. Alichokosa ni sauti kwenye redio ya kumwambia kwamba huyo ni wa kwetu.

Garissa, Aprili 2, 2015. Magaidi waliingia chuo kikuu alfajiri. Recce, kikosi chenye silaha nzuri kuliko wote Kenya, kilikuwa Nairobi kikisubiri usafiri. Kiliingia bwenini jioni, kikamaliza kazi haraka sana. Watu 148 walikuwa wameshakufa. Wanafunzi, umri wetu na chini yake. Hapo napo tubishane gramu?

Lakini habari yangu ni ya Dumila.

Mjomba alikuwa amekaa pembeni anatusikiliza muda wote, anachokonoa meno. Mjomba ni mkulima wa mpunga na mahindi, na mwaka mzima ana vita mbili: nguruwe pori na ng'ombe wa watu. Kipindi mazao yanapokomaa analala shambani kwenye dungu, kile kijukwaa cha miti chenye paa la nyasi, na tochi yake, debe la kupiga kelele na rungu. Majirani wengine wana magobore, ya kurithi kwa babu. Akaniuliza, "Mjomba, hicho kidude kinachowaka, kikiwekwa juu ya mkulima kinabadilika rangi?"

Kamanda akacheka. Mjomba hakucheka.

Akatusimulia usiku mmoja wa miaka ya nyuma. Aliwasha kiko, akasimama juu ya dungu kunyoosha mgongo, rungu begani. Akasikia mlio, na nyasi za paa zikamdondokea kichwani. Risasi moja tu. Akalala kifudifudi mpaka kulipopambazuka. Nani alipiga hakujua mpaka leo. Inawezekana jangili, inawezekana jirani mwenye gobore aliyedhani ni mwizi, inawezekana mtu wa doria. Alichosema ndicho nilichokibeba: "Yule alikuwa analenga vizuri sana. Angekuwa na shabaha mbaya nisingeogopa hivi."

Mjue mjomba anazungumza kutoka wapi. Desemba 8, 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, njia hiyo hiyo ya kwenda Kilosa, wakulima 38 waliuawa kwa siku moja katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Thelathini na nane, kijiji kimoja. Januari 2013 wananchi wa Dumila na vijiji jirani walifunga barabara kuu kwa mawe na magogo, magari ya Dodoma yakakwama, kwa sababu ya mpaka na Mabwegere, kijiji cha wafugaji ambacho kesi yake imepanda mahakama mpaka Mahakama ya Rufani. Na msije mkadhani nawapaka matope Wamasai hapa. Wafugaji nao wamezika watu wao Kilosa, nao wana orodha yao ya majina, na ukikaa nao jioni wanakusomea bila kuangalia karatasi. Katika nchi kama hii mtu mwenye fimbo begani usiku ni nani? Mchungaji? Mlinzi wa mpunga? Jangili? Mtu anayetafuta punda wake aliyepotea? Kwa mbali wote wanafanana.

Nikaona tusibishane. Usiku ule hakukuwa na mbalamwezi ya maana. Tukaenda shambani watatu. Kamanda nikamwacha kwenye tuta, mimi na mjomba tukahesabu hatua sitini, tukasimama, mmoja wetu na mpini wa jembe, mwingine mikono mitupu. Hakuna bunduki, mwanzo hadi mwisho, macho tu. Nikampigia simu: nani ana silaha? Akasema wa kushoto. Wa kushoto nilikuwa mimi, mikono mitupu, nimeweka kiganja kiunoni. Tukabadilishana. Akasema wote wawili. Mara ya tatu akanyamaza muda mrefu, akasema hajui. Askari aliyefunzwa, macho mazima, anajua kabisa kuwa ni mchezo na kwamba wale ni mjomba na rafiki yake. Halafu akawasha tochi ya mjomba, ile ya betri tatu kubwa, kioo kimepasuka. Sekunde moja. "Mzee ana mpini, wewe huna kitu."

Tulirudi bila kuongea sana.

Ndipo ninapowageukia ninyi wasomi wenzangu, na nijiweke na mimi mwenyewe, na hasa sisi wa magazeti. Kila likitokea tukio, askari ameuawa au raia ameuawa, tunakimbilia sentensi ile ile: serikali iwape vyombo vya dola silaha na vifaa vya kisasa. Mbunge anaisema, sisi tunaichapa, wahariri wanaipenda kwa sababu haimkasirishi mtu. "Vifaa vya kisasa" ni maneno matamu, hayana mpaka wala mwenye shamba. Nimeyaandika mwenyewe, mara mbili ninazozikumbuka. Wala hatujui tunachokiandika! Tunaita SMG kila kitu chenye magazini iliyopinda, wakati SMG hasa ni kibunduki kinachotumia risasi za bastola, na tunachokisema sisi ni AK au ndugu yake wa Kichina wa Type 56. (Nadhani tuliwafuata Wachina, maana wao wenyewe waliiita hivyo kwenye vitabu vyao. Hiyo tuiache kwa siku nyingine.) Mtu asiyejua jina la bunduki ndiye anayeshauri ifungwe nini juu yake.

Oktoba 2013 tulikuwa na Operesheni Tokomeza. Jeshi, polisi, askari wa wanyamapori, magari, silaha, kila kitu. Lengo lilikuwa halali kabisa, tembo walikuwa wanakwisha. Ilisitishwa Novemba 1 mwaka huo huo kwa malalamiko ya watu kuteswa na kuuawa, na Desemba 20, baada ya kamati ya Bunge kusoma ripoti yake, Rais Kikwete alitengua uteuzi wa mawaziri wanne kwa siku moja. Someni yaliyosemwa bungeni siku ile. Hakuna mbunge aliyesimama kulalamika kwamba askari walikosa shabaha. Malalamiko yalikuwa nani aligongewa mlango, nani alipigwa, ng'ombe wa nani walikufa. Nani, nani, nani.

Utaniambia: wewe mwandishi umekaa Dar na kompyuta yako, majangili wana bunduki za kivita, askari anakufa porini. Kweli. Januari 2016 majangili walimtungua na kumuua rubani wa helikopta, Mwingereza, akiwa kazini pori la akiba la Maswa. Aliyekuwa hewani wamempata, sembuse aliye kwa miguu. Kamanda ni rafiki yangu, mtoto wake ananiita baba mdogo. Sitaki afe kwa sababu kijiti na mfuo havikupangika kwa wakati. Ndiyo maana sikumwambia asinunue. Nilimwambia asinunue kwanza.

Kwa sababu hebu tufanye hesabu ya mtu wa posho. Ile Micro ni zaidi ya dola 700. Ukishainunua hujamaliza. Kilengeo kinakaa sentimeta 6 au 7 juu ya mtutu, kwa hiyo mtu akiwa hatua tano mbele yako risasi itapiga chini ya nukta kwa karibu kiasi hicho. Kulijua hilo kichwani ni bure. Kulijua mkononi, usiku, moyo unadunda, kunataka risasi za mazoezi, nyingi, na mwalimu. Kukisawazisha tu ili nukta na risasi vikutane kunataka risasi na uwanja. Kikilegea kwenye gari la doria, na barabara zetu mnazijua, unaanza upya. Na kama tetesi za bunduki fupi zikibaki tetesi, na Kamanda akabaki na ile AK ya kawaida, hana hata pa kukifunga, maana kile kifuniko cha juu ni bati jembamba linalocheza. Kuna vyuma vya kubadilisha, navyo ni dola nyingine. Sasa mtu anayepiga risasi chache za mazoezi kwa mwaka, ukimpa kilengeo cha dola 700 umemnunulia nini? Umemnunulia uhakika. Anajiona amepata kabla hajajua amempata nani. Hicho ndicho kinachoniogopesha kuliko bunduki yenyewe.

Jamaa wa kwenye kundi wakanijia juu: mbona tochi unaweza kuifunga kwenye bunduki pia? Unaweza. Lakini tochi iliyofungwa kwenye mtutu maana yake kila unachotaka kukiangalia lazima kwanza ukielekezee bunduki. Mtoto anayelia gizani, unamwelekezea bunduki ili ujue ni mtoto. Hapana. Askari awe na tochi ya mkononi, kali, betri zake mwenyewe, kabla ya kitu kingine chochote kinachowaka. Halafu redio inayofanya kazi, na mtu wa upande wa pili anayeijibu. Halafu namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji, na ya yule mzee wa kimila wa boma la jirani, aijue kichwani. Huo mpaka wa pori aoneshwe na watu wanaolala pale, mchana, kwa miguu. Hilo la mwisho halina gramu wala betri na halitauzwa dukani kamwe, ndiyo maana hakuna anayelitangaza.

Wakili wetu akasema naleta siasa kwenye swali la kiufundi. Bwana wakili, swali la kiufundi nimelijibu, na jibu lake ni hili, ili msiseme nimekimbia. Kwa bunduki fupi ya doria chukua ya aina iliyofungwa pande zote mbili, si ile ya kitaa kilicho wazi. Tone moja la mvua ya masika au tope la bonde la Mkata likikaa juu ya kitaa kilicho wazi, nukta inapotea au inakuwa mbili. Kwa hiyo ile ya gramu 34 mnayoililia, acheni, hata kama ni nyepesi. Umaarufu wake ni juu ya bastola. Nukta iwe ndogo, ile ya kipimo cha 2, ambayo kwa mita 100 inafunika kama sentimeta 6. Ya 6 inafunika karibu 17, unaficha nusu ya kifua cha mtu usiyemjua. Isiwe ya kukuzima ghafla kila baada ya miezi miwili kwa betri. Vile vilengeo vya chuma visiondolewe, vibaki chini yake, siku kioo kikipasuka uwe na kitu. Za Holosun zinazotengenezwa China ni nafuu sana kuliko za Wasweden, na si takataka. Takataka ni zile za dola 30 zisizo na jina la mwenye kiwanda, zinazohama kila ukizigonga. Haya, tofauti ya gramu 50 kwenye bunduki ya kilo tatu mtaisikia? Kula chapati moja pungufu.

Mmeridhika? Sasa nijibuni na mimi swali langu moja la kiufundi. Usiku, hatua sitini, watu wawili, mmoja ana mpini. Nani?

Dada wa Muscat peke yake ndiye aliyejibu. Alisema hajui, na kwamba mume wa shangazi yake ni wa Kimamba, alikuwa analala shambani hivyo hivyo.

Kamanda aliondoka Jumapili alfajiri. Tulimsindikiza stendi mimi na mjomba. Mjomba alimbebesha ndoo ya nyanya, akaifunga kwa majani na kamba, akamwambia asiiweke kwenye buti la basi zitapondeka. Alipokaa dirishani Kamanda akamwita, "Mzee, lile dungu lako, ukiwa umelala mle unaweka alama gani kwa nje?" Mjomba akasema hajawahi kuweka, alama ya nini tena, nyani ndio watakaosoma? Basi likaondoka.

Jana nimepata ujumbe wake. Ameulizia bei ya tochi Kariakoo. Chini yake kaniwekea tena picha ya ile Micro.